Bahari ya Dirishani

Mtu aliyeenda ng'ambo kutafuta riziki, je, ana haki ya kufurahia uzuri wa nchi anayoifanyia kazi? Uliza hivyo ndani ya matatu Nairobi na utajibiwa kabla ya steji inayofuata: kwani alienda kazi ama kutalii? Atume pesa, hayo mengine baadaye. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na sababu yangu ni rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za nyumbani Beirut.

Nilikuwa Lebanon kwa warsha ya siku chache, na Jumapili yeye alikuwa huru. Tukapanda gari la abiria, kama kilomita 40 hivi kuelekea kaskazini, hadi Byblos, mji ambao wenyeji wanauita Jbeil. Watu wameishi pale maelfu ya miaka. Bandari yake ni ndogo, ya mashua za wavuvi, lakini zamani za Mafarao mbao za mierezi zilisafirishwa kutoka hapo hadi Misri. Kuna ngome ya karne ya 12, iliyojengwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Ukutani unaona nguzo za Kirumi zimelazwa kama magogo. Waashi walitumia walichokikuta.

Nikamsimulia habari za jeneza la jiwe la Mfalme Ahiram, lililopatikana mjini humo mwaka wa 1923. Maandishi yake ya Kifoinike yanamtaja mfalme, na yanamtaja mwanawe aliyemtengenezea. Aliyeshika patasi hatajwi.

"Si ndiyo kawaida?" akasema. "Mwenye nyumba ana jina. Anayeifagia ni msichana tu."

Tukashuka ufuoni. Akavua viatu, akaingia majini hadi magotini, akanyamaza kitambo. Halafu: "Miaka miwili naosha madirisha yanayoangalia bahari hii. Leo ndiyo nimeigusa."

Mwajiri wake wa kwanza alimfungia pasipoti na hakumruhusu kutoka. Huyu wa pili anamsifu: "Madam ana roho nzuri, ananipa Jumapili." Namshukuru madam, lakini neno hilo "ananipa" ndilo linalonikera. Hisani hutegemea moyo wa mtoaji; siku moyo ukibadilika, Jumapili nayo imeenda. Haki haingoji mtu aamke vizuri.

Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri wake. Sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka wa 1946 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Miaka miwili baadaye, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu likasema, katika kifungu cha 24, kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake. Mmoja wa waandishi wakuu wa azimio hilo alikuwa Mlebanoni, Charles Malik. Nchi ilisaidia kuiandika haki hiyo, kisha haki yenyewe ikaishia mlangoni pa jikoni.

Kuna atakayesema: sawa, apumzike, lakini si alale tu chumbani? Magofu na bahari ni za nini? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hata punda hupumzishwa, ili kesho abebe tena. Kama pumziko lako lina kazi moja tu, kukurudishia nguvu za Jumatatu, basi hata usingizi wako ni mali ya mwajiri. Saa ile aliyosimama majini haikumfaidi madam, haikutuma pesa nyumbani, haikulipa karo ya mtu. Ilikuwa yake. Nadhani binadamu bila saa kama hiyo anabaki mikono tu.

Na tusijifanye ni mambo ya Waarabu. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na anayetufulia na kutulelea watoto pia ni mfanyakazi. Kwa hivyo kabla ya kuwalaani mamadam wa Beirut, tuangalie hapa kwenye estate zetu: Jumapili ya msaidizi wa nyumbani iko wapi? Na akiipata, tusimuulize ameipeleka wapi.