Kabla ya Kuuita Ugonjwa

Vijana wangu wa Meatu, Maswa na Igunga, na ninyi mliorudi nyumbani juzi mkakodi mashamba ya wazee, nina neno nanyi. Kila mwaka ikifika Januari naanza kuitwa mashambani. "Babu, njoo uone, pamba imeshikwa na ugonjwa." Nikifika nakuta mwenye shamba ameshapulizia dawa ya wadudu, ameongeza ya ukungu, juu yake akamwagia busta, na pamba bado imejikunja. Fedha imekwisha na ugonjwa haupo. Kilichopo ni dawa ya magugu.

Enzi zetu jambo hili lilikuwa nadra, kwa sababu magugu tulipambana nayo kwa jembe na plau. Leo kibarua wa palizi ni ghali, wenzenu wako migodini na kwenye bodaboda, na kila senta ina duka la pembejeo. Siwalaumu kwa kununua dawa. Ila mjue kwamba dawa nyingi za mahindi na mpunga zimetengenezwa kuua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Mahindi ni nyasi, mpunga ni nyasi, mtama nao ni nyasi. Pamba ina majani mapana. Mbele ya dawa hizo, pamba yako ni gugu tu.

Ukiingia shambani, kabla hujafungua kopo lolote, tazama ni majani yapi yameumia: yale machanga ya juu au yale ya zamani ya chini? Swali hilo peke yake linapunguza nusu ya kazi.

Nianze na 2,4-D, maana ndiyo inayotutesa zaidi huku kwetu. Inauzwa kwa majina mengi. Usikariri jina kubwa la kwenye kopo, soma maandishi madogo yanayotaja kiini chake. Ikiigusa pamba, katika siku za mwanzo utaona vikonyo vimepinda na ncha imejisokota. Majani yaliyokuwa yamekwisha kufunguka siku ile hubaki na umbo lake. Balaa lenyewe huonekana kwenye majani yanayozaliwa baadaye, wiki moja au mbili mbele. Hutoka membamba, yenye vidole virefu vilivyochongoka, mishipa imebanana na kulala sambamba, jani zima kama mguu wa chura. Matumba ya maua hudondoka, na vitumba vinavyobaki huweza kukua vikiwa vimepinda. Ukiona majani ya namna hiyo, acha kutafuta mdudu.

Na kiasi kinachotosha kuleta hayo ni kidogo mno. Sehemu moja ya mia ya kipimo cha mahindi inatosha kuipindisha pamba. Kwa hiyo uchafu uliobaki ndani ya bomba, usiouona wala kuunusa, unaweza kukuharibia ekari nzima. Kijana anaazima bomba kwa shemeji yake aliyetoka kupulizia jaruba la mpunga, analisuuza kwa maji ya kisimani mara moja, anatia dawa ya funza wa vitumba, anapulizia pamba yake kwa bidii. Baada ya siku kumi anasema dawa ya funza ilikuwa feki. Dawa ya funza haikuwa na kosa.

Wengine mnaniambia, "Babu, kwenye simu tumeona pamba ya Texas inapuliziwa dawa ya magugu juu ya majani na haifi." Mmeona kweli. Marekani walianza kuuza mbegu ya pamba inayovumilia glaifoseti mwaka 1997, na miaka ya karibuni wakaongeza zinazovumilia 2,4-D na dikamba. Hizo ni mbegu zilizobadilishwa vinasaba kwa kazi hiyo. Mbegu yetu ya UKM08 iliyotoka Ukiriguru ina sifa zake nyingi njema, lakini hiyo haimo. Hata Wakenya walioruhusu pamba ya Bt mwishoni mwa 2019, yao ina kinga dhidi ya funza, haina kinga dhidi ya dawa ya magugu.

Glaifoseti yenyewe huja polepole. Siku nne, tano, hata wiki hupita, ndipo ncha changa zinaanza kuwa manjano, kisha kahawia, mmea unadumaa. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyepulizia katikati ya mistari bila kuweka kizuizi kwenye nozeli. Ikidondokea ardhini, udongo huishika, kwa hiyo tafuta palipoguswa majani. Parakwati ni kinyume chake: jua likiwa kali, madoa ya kahawia yenye mpaka mkali yanaonekana siku hiyohiyo au kesho yake, pale tone lilipoangukia tu, na jani linalochipua baadaye ni safi. Pamba yenye madoa hayo mara nyingi hupona. Mtu haponi kirahisi. Funda moja la parakwati linaua na dawa ya kuitengua haipo, na bado nakuta watu wanaihifadhi kwenye chupa ya soda chini ya kitanda, nyumba yenye watoto. Hilo naliona ni kosa kubwa kuliko hasara yoyote ya pamba.

Ikiwa yanayoumia ni majani ya chini, manjano imeanzia kingoni na kati ya mishipa, halafu panakauka, uliza msimu uliopita hapo palilimwa nini. Kama yalikuwa mahindi yaliyopigwa atrazini, mzizi umekunywa mabaki. Kwenye udongo wa kichanga wa luseni pamba huumia zaidi, kwa kuwa mchanga hauna cha kuishikilia dawa. Udongo mweusi wa mbuga huishika kuliko mchanga. Njia ya kuthibitisha haina gharama. Chukua udongo wa shamba hilo ujaze kopo moja, na udongo wa mahali pasipowahi kupuliziwa kopo la pili, panda choroko kote, mwagilia sawa, subiri wiki tatu. Choroko za kopo la kwanza zikiota kisha zikakauka kingo, usirudishie pamba hapo mwaka huu. Panda mahindi au mtama, vinaivumilia.

Mche uliodumaa mapema, ung'oe. Mizizi ya pembeni ikiwa mifupi na imevimba ncha, na shina limenenepa usawa wa udongo, fikiria pendimethalini au ndugu zake, zile za kupulizia kabla mbegu haijaota, zilizozidishwa kipimo.

Sasa inua macho utazame shamba lote. Ugonjwa na wadudu hawapimi mistari. Ukiona ukanda ulionyooka wenye upana wa mpigo wa bomba, huo ni mkono wa mtu. Madhara makali upande wa jirani yanayopungua kadiri unavyoingia ndani, hapo upepo umebeba dawa. Makali mahali ulipoanza kupulizia, kisha yanafifia bomba la pili na la tatu, hapo bomba lilikuwa chafu. Halafu tafuta mashahidi. Tazama alizeti, choroko, nyanya za mama, papai la mpakani. Vyote hivyo vikijisokota na mahindi yamesimama salama kati yavyo, humhitaji mpiga ramli.

Lakini msije mkageuka kudai kila jani lililojikunja ni dawa. Chawa jani, wale wadogo wa kijani wanaotembea kimshazari ukigeuza jani, hukunja kingo kuelekea chini na kuzipaka manjano kisha wekundu. Vidukari huacha utomvu unaonata vidoleni. Mnyauko fuzari unajulikana ukipasua shina: ndani pana michirizi ya kahawia. Na pamba iliyosimama majini mbugani wiki nzima hugeuka manjano bila kosa la mtu yeyote.

Mkishajua ni dawa ya magugu, cha kufanya ni kidogo, na hapo ndipo vijana mnakosa subira. Hakuna busta inayoondoa 2,4-D ndani ya mmea, hata muuza duka akuapie. Pamba ina tabia ya kuendelea kuzaa matawi na maua. Ikiguswa ikiwa changa na kwa kiasi kidogo, subiri wiki mbili tatu utazame kama majani mapya yanarudia upana wake. Yakirudi, palilia, endelea kulinda dhidi ya wadudu, na ujue itachelewa. Kuchelewa huko nako kuna bei, maana vitumba vya mwisho vitakuta mvua zimeondoka. Usiijaze urea ukidhani unaiamsha, utapata majani. Ikiwa ni mwanzoni mwa Desemba na miche imekufa ncha, ng'oa upande upya bila kuihurumia.

Kuhusu bomba, ushauri wangu ni kuwa na mawili, la magugu lipakwe rangi nyekundu na lisiazimwe kwa kazi nyingine. Mkishindwa, fungueni nozeli, chujio na mpira, osheni kwa sabuni mara tatu. Kama limebeba 2,4-D, litieni maji yenye amonia kidogo lilale nayo usiku mzima, kisha suuzeni tena. Amonia isichanganywe na jiki kabisa, hewa yake inaua. Baada ya hapo jazeni maji matupu mpulizie miche michache ya nyanya, mngoje siku kadhaa kabla ya kuligusa shamba.

Na jirani je? Nenda kwake jioni mapema, na mtu mzima mmoja, kabla hujaenda kwa mtendaji. Wengi hawajui kwamba 2,4-D ya aina nyingine hupanda kama mvuke kwenye joto la mchana, saa nyingi baada ya wao kufunga bomba. Mwulize alipulizia nini, siku gani, upepo ulielekea wapi. Uliza kwa sauti ya mtu anayetafuta jibu, maana akihisi anashtakiwa atakwambia alipulizia maji. Yakitajwa malipo, msikadirie hasara siku hiyo, pamba bado inaweza kupona. Kubalianeni mtarudi kuhesabu vitumba.

Kama bado una mashaka, ng'oa mche ulioumia na mwingine mzima, pamoja na mizizi, uifunge kwenye gunia bichi uwahi kwa bwana shamba asubuhi. Chukua na makopo yote uliyotumia, matupu na yenye dawa, yakiwa na lebo. Lebo ikiwa haina namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, mwonyeshe hilo kwanza.