Wema na Nipe Nikupe

Ukimpa mwenzako shilingi leo kwa kutumaini kwamba kesho, ukiugua wewe, atakupa yake, je, umetenda wema au umefanya biashara? Usiharakishe kujibu, msomaji. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo unaohesabu marejeo ni moyo wa namna gani?

Na tulipime swali hili kwa maisha ya watu. Kati ya mwaka 1881 na 1924, Wayahudi zaidi ya milioni 2 walihamia Marekani, na wengi wao walikaa New York. Walikimbia umaskini na mateso. Ugenini hakukuwa na wa kumwuguza mgonjwa wala wa kumzika maiti. Basi waliotoka mji mmoja waliunda chama cha kusaidiana. Kila mtu alitoa ada ndogo. Aliyeugua alipata daktari na fedha za kujikimu, mjane alipata msaada, na aliyekufa alipata kaburi katika kiwanja cha chama. Mara nyingi watu haohao walikuwa na sinagogi lao, yaani nyumba ya sala.

Miongoni mwao walikuwamo watu wa Janina, mji ulioko Ugiriki. Wao walisema Kigiriki, na Wayahudi wenzao, waliozoea lugha ya Kiyidi, waliwatilia shaka kama ni Wayahudi kweli. Wakiwa wageni kati ya wageni, walianzisha jumuiya yao mwaka 1906, na mwaka 1927 sinagogi lao lilikamilika katika mtaa wa Broome. Huitwa Kehila Kedosha Janina, maana yake Jumuiya Takatifu ya Janina.

Mtu mkali atasema kuwa vyama vya namna hii ni nipe nikupe tu. Nusu ya neno lake ni kweli. Lakini tazama uso wa apokeaye. Mwombaji huinamisha macho, kwa kuwa mkono utoao uko juu ya wake. Mwanachama mgonjwa hakuona haya: alipokea haki yake, na jana yeye mwenyewe alikuwa mtoaji. Hesabu ile iliyodharauliwa ndiyo iliyomlindia heshima.

Tena, likumbuke kaburi. Maiti halipi deni. Kwa sababu hiyo Wayahudi huhesabu kumzika mtu kuwa wema wa kweli, usio na tamaa ya malipo. Hapo nipe nikupe hufika ukingoni.

Tarehe 25 Machi 1944, watu wa Hitler waliwakamata Wayahudi waliobaki Janina, zaidi ya 1,800, wakawapeleka Auschwitz, na walio wengi waliuawa. Hawakupata sanda wala kaburi. Huko New York, katika nyumba ile ya mtaa wa Broome, sala za Janina zilidumu kwa desturi zake za kale, na zinasaliwa hata leo. Wanaokumbukwa hapo hawakulipa ada, wala hawatailipa kamwe.

Basi, msomaji, usidharau ada ndogo ya chama chako, wala usione haya kuanza kwa kuhesabu. Hesabu humzoeza mtu kufungua mkono. Lakini siku moja utamkuta asiyeweza kukulipa. Ukiufumba mkono siku hiyo, jua kwamba ulikuwa mfanyabiashara tangu mwanzo. Ukiufungua, swali letu utakuwa umelijibu mwenyewe.