Deni la Anayesubiri

Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997, mwaka mmoja baada ya Duke Nukem 3D. Ikatoka 2011. Miaka 14, jamani! Wengi walioicheza walisema wametapeliwa. Lakini ni nani hasa alikuwa anadaiwa?

Mimi nilianza kuicheza nikiwa nimeshaikasirikia, na hiyo si haki. Gemu niliyoilinganisha nayo hakuna aliyewahi kuitengeneza. Niliijenga mwenyewe kichwani.

Ila siwatetei sana. Kwenye 3D Duke anabeba silaha zote. Hapa, ilipotoka, anabeba mbili tu kama kwenye Halo, na akijeruhiwa inabidi ajibanze pembeni mpaka apate nafuu. Duke kujibanza! Hilo si suala la matarajio yangu. Watengenezaji walikimbizana na kila kipya (hata injini walibadilisha mapema, wakaacha ya Quake II wakahamia ya Unreal) mpaka wakampoteza mtu wao.

Kusubiri hakukunipa haki ya kupewa gemu nzuri, hilo nakubali. Lakini kama jina lake limeandikwa kwenye boksi, nilitegemea angalau nimkute mwenyewe ndani.