Fisi wa Mtu

Ukikaa Tinde muda wa kutosha utaambiwa fisi wako wa aina mbili: fisi wa porini na fisi wa mtu. Wa porini anafukuzwa kwa tochi na kelele. Wa mtu, eti, ana mwenyewe anayempanda usiku kwenda kwenye shughuli zake. Kujikinga naye si kwa tochi tena, ni kumtafuta mwenyewe.

Swali langu ni hili: mtu anayeogopa kitu cha kweli, anaweza kuwa na hatia kwa jinsi anavyokiogopa?

Maana kitu chenyewe ni cha kweli. Taya la fisi linavunja mfupa wa ng'ombe. Tangu mradi wa HASHI uanze mwaka 1986, ngitili zimerudi Shinyanga, na mimi nafurahi, kuni zipo na malisho ya kiangazi yapo. Ila kichaka hakichagui cha kuficha. Kinga wazee wanaijua: gizani msitembee mmoja mmoja, ukikutana naye usikimbie, simama, piga kelele, rudi kinyumenyume bila kumpa mgongo, mzoga uzikwe mbali, boma la miiba lizibwe kabla jua halijazama, mtoto asitoke peke yake kujisaidia, na hakuna kulala nje hata joto liwe vipi. Basi.

Lakini kinga hiyo haimjibu mama anayeuliza, kwa nini mwanangu? Simdharau. Kusema "alitumwa" ni kukataa kwamba mtoto kafa kwa njaa tu ya mnyama. Wanaoicheka imani hii sidhani wamewahi kukaa kwenye msiba wa namna hiyo.

Shida, jibu hilo linataka jina, na jina mara nyingi ni la bibi fulani anayeishi peke yake. Kanda hii imeua vikongwe kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi kavu, miaka yote ya kuwapikia watu haohao. Na bibi akishazikwa, boma bado lina tundu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Kwa hiyo fisi ana mwenyewe kweli, jamani, na ni sisi sote. Ndiyo maana serikali ina malipo yanayoitwa kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Nilimweleza hivyo mzee mmoja pale njia panda. Akacheka.

"Sasa mjukuu wangu, kwa Rais nani atafika? Kwa bibi ni hapo tu, nyuma ya mihogo."

Sikuwa na la kusema. Baadaye kidogo akauliza hicho kifuta machozi kinaombwa ofisi gani. Nikamwambia, babu, tuanze kwa mtendaji wa kijiji.