Soma Lebo, Hata Kama Umeizoea

Septemba 2006, katika hospitali ya Methodist mjini Indianapolis, Marekani, watoto njiti sita walipewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa vichanga, heparini kidogo sana hutumika ili mpira wa dripu usizibe, na kichupa chake huwa na uniti 10 kwa kila mililita. Waliyopewa ilikuwa na uniti 10,000, yaani mara elfu moja. Watatu walifariki.

Msaidizi wa famasia alikuwa amejaza kabati la wodi vichupa vya watu wazima. Wauguzi walishazoea kwamba droo ya kabati lile haina kichupa kingine ila cha watoto, wakachukua na kutumia. Vichupa vyenyewe vilifanana umbo, na lebo zote mbili zilikuwa za buluu, tofauti yake ni kukolea tu. Mimi nikiwa jikoni huchota chumvi bila kutazama kopo, kwa hiyo siwezi kuwanyooshea kidole. Mtu mchapakazi, aliyerudia kazi ileile kila zamu, ndiye anayeacha kusoma.

Onyo lilitoka. Februari 2007 watengenezaji, kampuni ya Baxter, waliziandikia hospitali kuhusu vichupa hivyo kuchanganywa. Baadaye mwaka huohuo walibadilisha lebo, lakini vya zamani havikurudishwa kiwandani. Vikabaki rafuni.

Basi Novemba 2007, katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, mapacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid wakapewa heparini ileile ya uniti 10,000, tena mara mbili. Damu ikawa inatoka pale walipochomwa sindano, haikatiki. Kwa bahati walipona. Dawa ile ilipita mikono mitatu: iliyoitoa famasia kuu, iliyoipokea famasia ya watoto na iliyoichoma wodini. Hakuna kati yao aliyehakiki ipasavyo. Kurudiwa kwa kosa hili ndiko kunakonisikitisha zaidi, maana habari za Indianapolis zilikuwa zimeenea nchi nzima, na barua ilikuwa imetumwa.

Tukumbuke pia ukubwa wa mgonjwa. Mtoto njiti wa kilo moja ana damu ya takriban mililita 90, haijazi hata nusu ya kikombe cha chai. Kosa ambalo mwili wa mtu mzima ungeweza kulihimili, yeye halihimili.

Ndugu muuguzi, soma lebo unapochukua kichupa, isome tena unapovuta dawa, na umwombe mwenzako aisome kwa sauti kabla hujachoma, hata wodi ikifurika. Wewe wa famasia, ukipokea barua ya onyo, nenda rafuni siku hiyohiyo ukatenganishe vichupa. Nawe mzazi, uliza kwa upole: hii ni dawa gani, na ina uniti ngapi? Usione haya kuuliza mara ya pili.