Kisu Chenye Herufi Yangu

Nina swali linaloninyima usingizi. Mtu akifua kisu kizuri, akakiuza kwa mtu mwema, halafu siku moja kisu kile kikamkata mtu, je, yule aliyekifua ana lolote la kujibu? Hapa Bahi kila ninayemwuliza ananijibu haraka, "Aa, wewe hukumkata mtu, bwana." Wananijibu haraka mno. Ndiyo maana sijaridhika.

Mimi si mhunzi wa ukoo. Nafua visu kwa kupenda tu, jioni na Jumapili, chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba. Chuma changu ni springi bapa za malori. Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida inapita hapa kwetu, kwa hiyo springi zilizokatika hazikosekani. Springi ina kaboni ya kutosha kushika ugumu; nondo ya kujengea, hata uitwange mpaka kesho, haikai makali. Moto wangu unapulizwa na feni niliyoifunga kwenye rimu ya baiskeli. Nachoma kisu mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, hapo ndipo nakizamisha kwenye oili chafu. Kikitoka kimekuwa kigumu, lakini ugumu wa kioo: kikianguka vibaya kinakatika. Basi nakisugua king'ae, nakipasha moto tena polepole, macho kwenye rangi. Ikifika rangi ya nyasi kavu, natoa. Ukizubaa ikawa buluu, umeirudisha springi, kisu hakipo tena. Mpini naweka pembe ya ng'ombe, na pembe katika nchi ya Wagogo si kitu cha kuagiza mbali.

Na karibu na mpini, kabla sijakizamisha, nilikuwa nagonga herufi moja: M. Kwa nini? Fahari tu. Ninyi mnaoandika mnaijua fahari hiyo. Shairi lako likichapwa, kitu cha kwanza unachotazama si shairi, ni kama jina lako limeandikwa sawasawa.

Mwaka juzi mzee mmoja mfugaji alikuja kununua kisu. Nikamwuliza cha kazi gani, maana nilikuwa na desturi ya kuuliza, na niliona desturi hiyo ndiyo inayonitofautisha na kiwanda. Akasema cha kuchinjia mbuzi. Nikafurahi. Mnyama anayechinjwa kwa kisu butu anateseka bure. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake, na mimi ambaye si Mwislamu nakubaliana nayo mia kwa mia. Basi nikakinoa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono. Miezi mitano baadaye, usiku wa siku ya mnada, mtoto wa yule mzee alikichukua akaenda nacho kilabuni. Wakagombana na kijana mwenzake, sijui kwa deni la pombe, sijui kwa msichana, kila mtu ana hadithi yake. Yule mwenzake alikinga kwa kiganja. Vidole viwili havikunji tena mpaka leo.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alikuja na watu wawili. Wameona herufi. Nikasema ndiyo, ni changu, nikamtaja niliyemwuzia, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyenilaumu. Jioni ile ile nilichukua tupa, nikatoa visu vitatu nilivyokuwa navyo ndani, nikafuta M zote. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Agosti iliyofuata nikaenda Nane Nane, viwanja vya Nzuguni. Kutoka Bahi unaingia Dodoma mjini kwanza, halafu unapanda gari jingine la kuelekea upande wa barabara ya Morogoro. Kisu kimoja nilikifunga kwenye magazeti na kipande cha kanga, moyo ukinidunda getini kama mwizi. Nilitaka nini? Nilitaka kuona visu vya wenzangu, na nilitaka mtu anayejua aseme changu ni kizuri. Tusifichane.

Nilipita mabanda ya mbegu na matrekta bila kugeuka. Nikapita banda la SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, nikaangalia mashine za kukamua alizeti kwa adabu tu. Mbele kidogo nikawakuta wahunzi. Walikuwa wametandika turubai chini: majembe, mashoka, mundu za mpunga, sime ndefu za Wamasai, visu vya kila aina. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyokaa mbele ya vyuma. Kisu kimoja kilikuwa kimenyooka mgongo vizuri hata nikaona wivu. Wageni wa mjini walikuwa wanapiga picha sime, wanauliza bei, wanaziacha.

Mzee mmoja akaona ninavyovishika. "Wewe unafua," akasema. Si swali. Nikafungua magazeti yangu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakilenga kwenye mwanga, akagonga bapa kwa ukucha akasikiliza, akanyoa vinyweleo viwili vya mkono wake. Nikangoja sifa. Kidole gumba chake kikashuka mpaka karibu na mpini, kikasimama.

"Hapa palikuwa na kitu."

Nikanyamaza.

"Umefuta jina. Kijana, umekiiba?"

"Nimekifua mwenyewe, mzee wangu."

"Mtu anafuta jina lake mwenyewe?" Akawaita wenzake. Wakakipokezana, wakapapasa pale mahali, wakanitazama. Najua waliniona mwizi. Sikuwa na la kujitetea, maana ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko wizi. Nikakifunga kisu changu. Hakuna aliyesema kizuri wala kibaya.

Njiani kurudi nilianza kujitafutia wakili. Nikawakumbuka wahunzi wa Buhaya. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba kwenye miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita watu wa huko walikuwa wanajua kutengeneza chuma cha pua, yaani feleji, katika tanuri zao za udongo. Hatujui jina la hata mmoja wa mafundi wale. Umeona? nikajiambia. Fundi mkubwa hahitaji herufi. Lakini wakili huyo alianguka kabla basi halijafika Bahi. Mhunzi wa zamani hakuhitaji herufi kwa sababu kijiji kizima kilimjua. Jembe likivunjika, walijua mlango wa kubisha. Sura yake ndiyo ilikuwa herufi yake. Mimi nilifuta ili mlango usijulikane.

Nikamgeukia wakili wa pili: kiwanda. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 1999 inaeleza kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 ziliombwa Rwanda hati za kuingiza zaidi ya tani 500 za mapanga. Kwenye karatasi ni zana za kilimo. Panga ni zana ya kilimo kweli, hata mimi ninalo. Yaliyofuata Aprili tunayajua. Maiti zilisafiri na mto Kagera mpaka ziwani kwetu. Sasa, wale waliosimama kwenye mashine huko mbali wakikata mabati ya chuma, nani atawaamsha usiku? Kama wao wanalala, mimi kwa vidole viwili nikeshe kwa nini?

Lakini mimi nilikuwa najisifu kwamba si kiwanda. Chapa ya kiwanda inasema, ukipenda ninunue tena. Herufi yangu nilitaka iseme kitu kingine: nipo hapa, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, njoo uniulize. Siku watu walipokuja kuuliza kweli, nikatafuta tupa. Na kuuliza kwangu "cha kazi gani" kumbe kulikuwa kwa ajili yangu mwenyewe, nipate kulala. Kisu hakikai na aliyekinunua. Kinarithiwa, kinaazimwa, kinaibwa, kinabebwa kilabuni.

Jambo jingine naliandika kwa aibu. Tangu siku ile sikuwa nimekwenda kumwona yule kijana. Si mbali, ni kuvuka reli tu. Nilikwenda Jumapili ya pili baada ya Nane Nane. Mama yake alinikaribisha kigoda, akaniletea uji, hakujua mimi ni nani. Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kupeta uwele. Kijana alikuwa amekaa kwenye kivuli, anajifunza kushika mundu kwa mkono wa kushoto, maana msimu wa mpunga haukungoji upone. Nikamsalimia. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, hayakuja.

Yeye ndiye aliyeuliza, "Kile kisu kiko wapi siku hizi?"

"Kilichukuliwa. Sijakiona tena."

Akakiangalia kiganja chake. "Kilikuwa kikali kwelikweli," akasema. "Hata sikusikia maumivu. Niliona damu tu."

Na mimi, Mungu anisamehe, pale pale kwenye kigoda cha mama yake, uji mkononi, nilisikia fahari ikinipanda.