Namba ya Mwalimu

Kama ulifanya Kemia ya KCSE, huenda hukuambiwa hii: kwenye karatasi ya tatu, ile ya maabara, matokeo ya titresheni yako hayalinganishwi na ukweli wenyewe. Yanalinganishwa na namba ya mwalimu. Yeye hufanya jaribio lile lile kwa asidi ile ile, na msahihishaji anaangalia uko mbali naye kiasi gani. Tofauti ikiwa sentimita 0.1 za ujazo, alama yote yako. Ikipita 0.2, pole.

Sasa mchukue mwanafunzi ambaye bureti yake inasema 26.3, na maabara nzima inanong'ona 24.8. Mtihani ni wa saa 2 na dakika 15 na muda umeenda. Aandike nini?

Wengi watasema hilo si swali. Andika 24.8, chukua alama, songa mbele. Nani ameumia? Na hoja hiyo ina nguvu kuliko tunavyopenda kukubali. Pengine 26.3 ni kosa kweli. Alipitisha tone la mwisho, rangi ikakolea badala ya kuwa ya waridi hafifu. Akiandika 24.8 atakuwa karibu zaidi na ukweli. Je, mtu anaweza kudanganya kwa kuandika namba sahihi?

Nadhani anaweza. Jedwali halimuulizi jibu ni ngapi. Linamuuliza bureti yako ilisoma ngapi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye swali la chumvi, lenye safu mbili: ulichoona, na unachohitimisha. Unaweka haidroksaidi ya sodiamu, mashapo meupe yanatokea, unaongeza zaidi, yanayeyuka. Washukiwa ni watatu: zinki, alumini na risasi. Ukishampenda mmoja mapema, macho yataanza kumtafutia ushahidi. Ndiyo maana hata "hakuna mashapo" huandikwa, na inaweza kukupa alama. Kutoona kitu pia ni kuona.

Lakini tusiwe watakatifu kupita kiasi. Kutupa namba kunaruhusiwa. Jaribio la kwanza mara nyingi ni la kukisia tu, na ukijua ulipitisha tone, rudia. Swali ni sababu yako. Ukiitupa kwa kuwa unajua kilichoharibika, hiyo ni kazi safi. Ukiitupa kwa kuwa haikubaliani na wenzake, hapo umeanza kupika.

Kuna mzee mmoja Mwingereza, Lord Rayleigh, aliyekataa kupika. Naitrojeni aliyoitoa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko ile iliyotokana na amonia. Mwaka wa 1892 aliandika katika jarida la Nature akiomba wanakemia wamsaidie kuelewa. Vipimo vya baadaye viliweka lita moja ya naitrojeni ya hewani kwenye gramu 1.2572, na ile ya maabara kwenye 1.2505. Tofauti ndogo hivyo mtu angeifunika kwa kidole na kulala vizuri. Mwaka wa 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza gesi mpya, argoni, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa unayovuta sasa hivi. Henry Cavendish alikuwa ameona kiputo chake mwaka wa 1785, kikakataa kuisha, naye akakiandika bila kujua ni nini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, maandishi yake yakawa ushahidi.

Utasema hayo ni ya Uingereza, sisi tunatafuta gredi tu. Sawa, twende Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi mtaani, watu wakaugua. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na hata baada ya hapo kesi iliendelea miaka kadhaa. Kesi kama hiyo husimama juu ya namba: risasi kiasi gani kwenye damu, kiasi gani kwenye udongo. Hapo hakuna namba ya mwalimu. Kuna mtu mmoja na kifaa chake, na mzazi anayengoja nje.

Mtu huyo alifunzwa wapi maana ya kipimo? Kama akiwa na miaka 17 alijifunza kwamba namba nzuri ni ile inayomfurahisha mkubwa, tusishangae akimtafuta mkubwa mpya. Lawama si yake peke yake. Mtihani unaolipa makubaliano utapata makubaliano.

Kwa hivyo yule mwanafunzi wetu aandike 26.3. Halafu, kama zimebaki dakika 10, aoshe chupa, ajaze bureti, arudie polepole, tone kwa tone. Huenda akapata 24.8. Safari hii itakuwa yake.